Gesi ya Shimoni: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niseme hapa kwamba maji taka nayo yanachangia joto la dunia, maswali yamemiminika, mengi kutoka Lamu. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Swali: Shimo la choo chetu lilichimbwa enzi za babu na halijawahi kutusumbua. Leo limegeuka vipi kuwa adui wa hali ya hewa? (Mama, Langoni)

Si adui, mama, ila halipati hewa. Mle shimoni mna vijidudu wanaopokezana kazi: bakteria wa kwanza huvunja kinyesi kikawa asidi, na vijidudu wengine huigeuza ile asidi kuwa gesi ya methani. Hao wa mwisho hawastahimili oksijeni, kwa hiyo hustawi palipojaa maji. Methani ikitoka nje, kilo yake moja hupasha joto kama kilo 28 hivi za kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Mashimo hayafanani lakini. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika mwongozo wake wa 2006 hulipatia shimo la familia lililo pakavu, juu ya maji ya ardhini, kipimo cha 0.1, yaani hutoa sehemu moja tu kwa kumi ya methani ambayo kinyesi kingeweza kutoa. Choo cha kumwaga maji, au kilichozama kwenye maji ya ardhini, hupewa 0.7. Kinyesi ni kilekile, gesi ni mara saba. Sisi tunaotawadha kwa maji, tena kisiwani, tuko upande wa 0.7. Ila mwongozo huohuo hukirudisha choo kwenye 0.1 tope lake likitolewa mara kwa mara kwa ajili ya mbolea. Kwa hiyo hilo shimo lisilosumbua ndilo la kushughulikia. Vichochoro vyetu havipitishi gari la kunyonya, najua, na kazi itakuwa ya ndoo au pampu ya mkono. Asishuke mtu ndani kabisa! Haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, huua, na ikizidi pua huacha kuisikia.

Swali: Kuna unga wa bakteria unauzwa, wasema ukiumwaga shimo halijai tena. Ninunue? (Mpangaji, Mkomani)

Usinunue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizipima dawa za aina hiyo kwa tope la vyoo vya shimo, wasione tofauti ya maana na tope lisilotiwa kitu. Shimo lako limejaa bakteria tayari. Hao wa pakiti watakuja kufanya kazi gani?

Swali: Nina nyumba ya wageni. Mhandisi ataka kuniuzia mtambo wa kupuliza hewa kwenye maji taka, asema ndiyo teknolojia ya kisasa na haina madhara kwa mazingira. (Shela)

Ya kisasa si sana, maana ilibuniwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Bakteria wakipulizwa hewa hula uchafu haraka na methani huwa kidogo. Tatizo ni umeme: kwenye mitambo mingi ya namna hiyo, kupuliza hewa pekee hula karibu nusu ya umeme wote. Hilo ndilo linalowaumiza Wazungu kichwa, wakawatafuta bakteria wasiotaka hewa nyingi. Wanaosifiwa ni wale wa anamoksi, waliogunduliwa Delft, Uholanzi, miaka ya 1990. Hao huchukua amonia na naitraiti, misombo ya naitrojeni iliyomo kwenye maji taka, wakatoa gesi ya naitrojeni, ile iliyojaa hewani. Mtambo mkubwa wa kwanza ulijengwa Rotterdam mwaka 2002.

Ukishawishiwa na hao pia, kataa. Huchukua kama siku 11 kuongezeka maradufu, na wanataka msimamizi wa kuwatazama usiku na mchana. Halafu hesabu yetu si ya Rotterdam. Umeme wa gridi ya Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo kuupunguza hakuokoi kaboni nyingi. Kaboni yetu imo shimoni. Mtambo wa hewa ukiendeshwa ovyo, leo unapuliza, kesho stima zimepotea, huweza kutoa naitrasi oksaidi, ambayo ni kali kuliko kaboni dayoksaidi mara 273.

Mimi ningejenga tangi la vyumba vinavyofuatana, maji yakipanda na kushuka baina ya kuta, limefunikwa lisivujishe gesi, kisha kitanda cha kokoto na matete cha kuyachuja maji. Halitaki umeme wala kupashwa moto. Gatze Lettinga wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, alipobuni mtambo wake usiotumia hewa miaka ya 1970, kwa maji taka ya mijini ulipata makao Brazil na India, si kwao kwenye baridi, na joto tunalo. Upungufu wake ni huu: maji yatokayo bado yana vijidudu na naitrojeni. Yaelekezeni mbali na vilima vya mchanga vya Shela, maana chini yake ndiko yaliko maji matamu ya Lamu.

Swali: Ati bakteria wanaweza kuwasha taa? (Mwanafunzi)

Wanaweza. Michael Potter wa Durham, Uingereza, alipata umeme kutoka kwa vijidudu mwaka 1911, na mwaka 2017 taa za vyoo vya shule moja ya wasichana Kisoro, Uganda, ziliwashwa kwa umeme wa bakteria wanaokula mkojo. Friji usiifikirie.

Swali: Tuko watu wanane na punda wanne. Nikiunganisha choo na mavi ya punda kwenye mtambo wa gesi ya kupikia nitaacha kununua mtungi? Na chakula hakitanajisika? (Wiyoni)

La najisi muulize shekhe wako. Nijualo ni kwamba kinachofika jikoni ni gesi, methani kama asilimia 60, na ikiwaka hubaki mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Kibera, kwenye vyoo vya umma vya shirika la Umande Trust, watu wamepikia gesi hiyo.

La mtungi ni gumu zaidi. Mtu mmoja hutoa gesi ya lita 20 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo choo chenu chote ni kama lita 200. Jiko dogo hula zaidi ya hizo kwa saa. Ni chai na uji, maharagwe hayataiva. Punda ndio watakaoongeza, ila punda hacheui kama ng'ombe na mavi yake yamejaa nyuzi, basi yaloweke kwanza. Usizoe ya njiani, yana mchanga, na mchanga utajaza mtambo. Fundi akimaliza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba kabla hujamlipa. Likitoa mapovu, afunge upya, maana mtambo unaovuja unaitengeneza methani kwa bidii na kuiachia yote hewani.