Roho ina valvu?

Swali: "Mama mukubwa yangu anaishi Ubelgiji. Munganga amesema watamubadilishia valvu ya roho, ile ya aota, bila kupasua kifua, lakini kwanza apite ku skaneri. Nilipowaandikia ndugu wa Dar es Salaam wakanicheka: roho ina valvu? Niandike namna gani?" Msomaji, Bukavu.

Jibu: Wamecheka bure. Huku kwetu roho ndiyo hiyo inayodunda kifuani. Kwao roho ni ile inayomtoka mtu akifa, na kinachodunda ni moyo. Ukiwaandikia wao, andika moyo. Ukimpigia mama mkubwa simu, baki na roho yenu, asije akadhani umeanza kumhutubia.

Valvu au vali, sikatai. Mimi napenda kilango: mlango mdogo unaofunguka damu ipite, kisha unajifunga isirudi. Wingi wake vilango, na moyo unavyo vinne; cha aota kiko pale mshipa mkubwa wa damu unapotoka moyoni.

Kinachonisumbua zaidi ni "kubadilisha". Ukibadilisha tairi, la zamani hutolewa. Kwa njia hii ya kutopasua kifua, ambayo Alain Cribier aliifanya kwa mgonjwa wa kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, kilango kibovu hakitolewi. Kipya huingia kikiwa kimekunjwa, mara nyingi kupitia mshipa wa kinenani, kisha hukunjuliwa ndani ya kile cha zamani na kukibana pembeni. Kwa hiyo andika "atawekewa kilango kipya".

Na skaneri, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili? Wengi husema "kupigwa picha", kana kwamba ni ya pasipoti. Kifua kisipofunguliwa, daktari hawezi kukipimisha kilango palepale kama fundi anayejaribisha kiatu. Saizi huitafuta kwenye picha, baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kung'arisha mishipa: upana wa pete ya kilango, chokaa iliyoganda, umbali hadi matundu ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, na kama mshipa wa paja utapitisha mrija unaobeba kilango. Kilango kidogo mno kitavujisha damu pembeni. Kikubwa mno chaweza kupasua pete. Hapa Kiswahili kina bahati, maana "kipimo" ni uchunguzi na ni ukubwa pia. (Kipimo kiitwacho eko ni jambo jingine: mawimbi ya sauti yanayoonyesha kilango kikifunguka na kujifunga.)

Basi waandikie: "Mama mkubwa atafanyiwa kwanza kipimo cha skaneri, kisha atawekewa kilango kipya cha moyo bila kupasuliwa kifua." Wao skaneri huiita siti skani. Hapo usibadilishe kitu, wataelewa.