Fundi Bunduki Anajibu: Ufa Nyuma ya Mkia wa Risiva

SWALI: Shikamoo, Fundi. Bunduki yangu ya kuwindia, .30-06 ya bolti yenye kitako cha mjozi, zamani ilikuwa ikiweka risasi tatu karibukaribu. Siku hizi matundu yanapanda na kushuka, na jana nimeona ufa mwembamba kwenye mti, nyuma tu ya mkia wa risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti na mtutu). Darubini nimebadilisha mara mbili. Mwenzangu anasema nikaze skrubu zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usikaze! Na hiyo darubini iache, ufa umeshakuonyesha ugonjwa ulipo.

Hakikisha chemba ni tupu, chomoa bolti, fungua skrubu, kisha nyanyua chuma kutoka kwenye mti. Chini ya risiva, upande wa mbele, utaona jino la chuma. Bunduki ikilia, chuma chote hurudi nyuma, na jino hilo ndilo la kuupokeza mti ule msukumo. Kwenye Mauser ya 1898 limefuliwa pamoja na risiva. Kwenye Remington 700 ni kipande bapa kilichobanwa kati ya mtutu na risiva. Kazi ni ileile.

Mti ukibonyea nyuma ya jino, jino halina tena pa kuegemea. Chuma kinarudi mpaka mkia wa risiva unagota kwenye mti, na mkia ule ni mwembamba, unaingia kama kabari. Ndiyo maana kitako kimepasuka. Na kwa kuwa chuma hakirudi palepale kila risasi, matundu nayo yanahama.

Pata uhakika: paka uso wa nyuma wa jino masizi yenye mafuta kidogo, funga, kaza, fungua. Alama ikitokea kwenye kona moja tu ya mti, au isitokee kabisa, bunduki inahitaji kulazwa upya kwa gundi ya epoksi, yaani epoksi ijaze nafasi kati ya chuma na mti.

Ziba ufa kwanza kwa gundi nyepesi, ubane hadi ikauke. Kisha kwangua mti nyuma ya jino milimita 2 au 3, epoksi ipate unene. Hapa ndipo wengi wanapokosea: bandika tepu mbele ya jino, ubavuni na chini, lakini uso wa nyuma uache wazi. Ukitoa tepu baadaye, jino litaegemea nyuma tu, wala halitapigana na mti kwingine. Paka nta kila penye chuma, na kila tundu lijaze udongo wa kufinyangia.

Hilo la matundu nalisisitiza kwa uchungu. Nilipokuwa mwanafunzi nilisahau tundu moja. Epoksi ikaingia, ikakaukia humo, na ikabidi nikate kwa patasi kitako ambacho mteja aliachiwa na marehemu baba yake. Uso wake siku ile ninao mpaka leo.

Tia epoksi, rudisha chuma kwenye mti, na skrubu zishike tu, usizikaze. Subiri saa 24. Nyuma ya mkia acha uwazi wa kama milimita 1.

Mwisho weka geji ya mshale (kipimo cha msogeo mdogo) kati ya mtutu na ncha ya mbele ya kitako, ulegeze skrubu ya mbele polepole. Mshale ukisogea zaidi ya milimita 0.05, risiva bado inapindwa: kwangua, ulaze tena.