Usikadirie katikati ya hesabu

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umeuliza kukadiria namba ni nini kwenye hisabati, lakini kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho: una ripoti ya kukabidhi kesho na utakata desimali kila hatua "ili namba zisikuchanganye". Usithubutu! Kukadiria ni kuweka namba fupi iliyo karibu badala ya ndefu, na hilo hufanyika mara moja tu, kwenye jibu la mwisho.

Chukua 2 gawanya kwa 3, zidisha kwa 9,000. Jibu ni 6,000 kamili. Sasa fuata njia yako: 2 gawanya kwa 3 unaandika 0.67, ukizidisha unapata 6,030. Ukiandika 0.7 unapata 6,300. Hiyo 300 haikuwepo kwenye takwimu zako, umeizalisha mwenyewe njiani. Mimi ilinikuta kwenye bajeti ya vifaa. Uwiano mmoja tu uliokatwa mapema, ukazidishwa mstari kwa mstari, tukaagiza vitu kuliko mahitaji na mteja akagoma kulipia ziada. Aliyenipokea kazini ndiye aliyeniambia, "Kata mapema, utamaliza haraka." Hadi leo nina hasira naye. Mgeni wa kazi anakuamini, halafu unampa njia ya mkato ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuikagua!

Na usiniambie desimali ya tatu haina madhara. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianza kutumia faharasa mpya (namba moja inayoonyesha kama bei za hisa kwa ujumla zinapanda au zinashuka) mwaka 1982 ikiwa 1,000. Kila biashara ilipofanyika, kompyuta ilipiga hesabu upya na kutupa chochote kilichozidi desimali 3, na ilifanya hivyo maelfu ya mara kwa siku. Soko lilikuwa zuri, faharasa ikawa inaporomoka tu. Novemba 1983 ilisomeka karibu 525. Iliporekebishwa, ikawa karibu 1,099. Yaani zaidi ya nusu ya thamani ilipotelea kwenye vipande ambavyo kila kimoja peke yake kilikuwa si kitu.

Kukadiria juu ya makadirio nako ni balaa. 7.46 kwa namba nzima ni 7. Ukipitia 7.5 kwanza, unaishia 8.

Kama shida yako ni macho kuchoka, kwenye Excel punguza desimali zinazoonekana tu. Seli itaonyesha 0.67 lakini ndani namba imebaki bila kukatwa na ndiyo inayotumika kwenye hesabu. Fomula ya ROUND ndiyo inayokata kwelikweli, kwa hiyo ikae kwenye seli ya jumla ya mwisho, isisogee kwingine. Bandika hapa fomula za ile safu ya uwiano kabla hujatuma ripoti, tuzipitie pamoja usiku huu.