Je, bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mzee mmoja mvuvi hapa kwetu ananiambia gati la Mtwara lilijengwa na Waingereza ili wasafirishe karanga. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Ni kweli? Na taifa lililotoka kushinda vita vya dunia lilihangaika na karanga za nini? – Msomaji wa Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukikutana na mzee huyo mwombe radhi, maana amekwambia kweli tupu.

Uingereza ilishinda vita mwaka 1945, lakini ilitoka hoi. Hazina ilikuwa tupu, na dola za kununulia chakula Marekani zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mkate haukugawiwa kwa kadi hata mabomu yalipokuwa yakidondoka London, ila Julai 1946, vita vimekwisha, ukaanza kugawiwa. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoadimika hasa. Kuna kipindi mtu mmoja alipata gramu 28 kwa wiki nzima, kama vijiko viwili vya mezani. Jaribu kupikia familia hapo.

Mwaka huohuo wa 1946, Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipita Tanganyika akaona pori kubwa, akaona karanga, akaona mafuta. Serikali ikatuma wataalamu wakiongozwa na John Wakefield. Wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege, kisha wakapendekeza zilimwe eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25. John Strachey, Waziri wa Chakula, akaubeba mpango huo kwa moyo wote.

Wakaanzia Kongwa, Dodoma, mwaka 1947. Jambo hili huniuma kila ninapolifundisha. Wagogo wameishi na ardhi ile vizazi na vizazi, wanalima uwele na mtama kwa sababu mvua ya Ugogo ni ya kubahatisha. Pori lile halikuwa wazi kwa uvivu wa mtu. Wenyeji wangeulizwa, wakasikilizwa, pesa nyingi zingeokoka.

Utaelewa kama umewahi kulima karanga. Ua likinyauka, kikonyo chake huinama, kikazama ardhini, na ganda hujifunga huko chini gizani. Kwa hiyo karanga hutaka udongo tifutifu, unaopitika wakati wa kuzama na wakati wa kung'olewa. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi. Mvua ikikatika na jua likawaka, hukakamaa kama tofali la kuchoma. Meno ya majembe yalisagika, na karanga zikabaki chini bila njia ya kuzitoa.

Na hapo ni baada ya kusafisha pori. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, masalia ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, theluthi mbili ya matrekta hayo yalikuwa yamekufa. Vifaru vya Sherman vikatolewa mizinga vikageuzwa matrekta. Mibuyu haikung'oka kirahisi, na mingi ilikuwa na nyuki ndani. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000, zikapatikana kama 7,500.

Mpango huo ulifika pia Nachingwea, huku kusini kwetu, na hapo ndipo lilipoanzia gati la mzee wako. Huku hapakuwa na bandari ya kina cha kutosha wala reli, basi vikaanza kujengwa vyote viwili wakati karanga zenyewe hazijaonekana. Baba yangu alikuwa turnboi wa trekta huko Nachingwea. Alikuwa na kovu refu la mnyororo kwenye kiganja cha kulia, na akiombwa simulizi za karanga alikifungua tu kile kiganja akatuonyesha. Mimi nilikuwa nikipitisha kidole humo, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umekwisha. Pauni milioni 36 zilifutwa kwenye vitabu. Lakini gati lilikuwa limeshaanza, nalo likaendelea hadi meli kubwa zikaanza kufunga gatini Mtwara mwaka 1954, bila ile mizigo ya karanga iliyotarajiwa. Leo hubeba korosho, zao ambalo wakulima wadogo wa kusini wamelipanda kwa majembe yao ya mkono.

Reli ndiyo haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Kipande kimoja, kirefu kama mkono wangu, kilitundikwa kwa waya kwenye mwembe wa shule niliyosoma. Nilipofika darasa la nne nilikabidhiwa zamu ya kengele. Asubuhi chuma kilikuwa baridi na kina umande. Nilikigonga kwa boliti kubwa yenye kutu, na sauti yake ilifika hadi kwetu, ambako baba alikuwa akitoka kwenda shambani.