Albamu haiwezi kuwa mubashara

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu amenunua santuri kuukuu ya King Crimson, bendi ya Uingereza. Santuri yenyewe inaitwa USA. Mtangazaji mmoja wa redio aliitaja kuwa "albamu mubashara", lakini nimeambiwa fidla iliongezwa studio baada ya onyesho. Je, bado ni mubashara? Na huko kuongeza tukuiteje? Rafiki yangu wa Moshi anasema "wameichakachua". (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba. Neno hilo mubashara limenikaa kooni muda mrefu, na leo umenipa nafasi ya kulitoa.

Tulilipata kwa Waarabu, na mzizi wake unahusu ngozi: kugusana ngozi kwa ngozi, pasipo kitu katikati. Watangazaji walipotafuta neno la matangazo yanayokufikia papo hapo jambo linapotendeka, wakalichukua. Hapo sina ugomvi nao. Mpira unachezwa sasa, nami nauona sasa, mubashara. Kazi ya neno imeishia hapo.

Lakini siku hizi limekuwa pilipili ya kunyunyizwa kila sahani. Mshereheshaji wa harusi anawaambia wageni waliokaa mbele yake "tupo mubashara kutoka ukumbini", kana kwamba wao wako kwingine. Gazeti linachapa "mahojiano mubashara" yaliyofanyika juzi. Na lipo moja lililonikera kuliko yote.

Nilikuwa Moshi, kwenye baa moja ya Majengo, saa tatu usiku. Runinga ilikuwa inaonyesha tamasha la muziki kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Kwenye kona ya juu, kwa herufi nyekundu, kumeandikwa MUBASHARA. Na kwenye picha jua linawaka. Watu wamejifunika vichwa kwa kanga na magazeti, kivuli cha mpiga gitaa kimejikunja chini ya viatu vyake. Mzee wa meza ya jirani akatazama skrini, akatazama mlangoni kwenye giza, akauliza, "Kwani Arusha bado mchana?" Hakuna aliyemjibu. Mzee yule hakuwa mjinga. Alisoma neno la Kiswahili akaliamini, kama anavyostahili kuliamini. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Jua haliwezi kuzama kwetu likabaki utosini kwao. Na uwanja wenyewe umepewa jina la mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abeid, mtu aliyefundisha wenzake kuhesabu mizani ya kila mshororo. Inauma kuona neno linatupwa ovyo namna ile juu ya uwanja wake.

Aliyelibandika alitaka kusema nini? Nadhani alitaka kusema kwamba wanamuziki walipiga wenyewe, kwa mikono yao, mbele ya watu. Hilo ni jambo jingine kabisa. Kiingereza kina neno moja, live, kwa yote mawili, tangazo la papo hapo na muziki wa jukwaani. Huo ni mkanganyiko wao, sisi hatulazimiki kuurithi. Vijana wa Arusha wanatofautisha vizuri: huyu kapiga laivu na bendi, yule kaimba kwa pleibeki. Laivu si neno linalonipendeza masikioni, lakini linafanya kazi yake na kila mtu analielewa, kwa hiyo nimeacha kupigana nalo.

Sasa santuri ya kijana wako. Ilitoka mwaka 1975, bendi ikiwa imeshavunjwa mwaka uliotangulia. Sehemu kubwa ilirekodiwa tarehe 28 Juni 1974 huko Asbury Park, New Jersey. Ni roki ya progresivu, muziki usiomhurumia msikilizaji mvivu: kipande kinaweza kwenda kwa mapigo 5 pale sikio lilipozoea 4, kisha gitaa la Robert Fripp linarudia duru ileile hadi unajikuta umeshika kiti. Jukwaani fidla ilikuwa ya David Cross. Baadaye mpiga fidla mwingine, Eddie Jobson, akaingia studio, akapiga upya fidla katika baadhi ya vipande, na piano pia. Kwa hiyo makofi unayoyasikia ni ya Asbury Park, na yanaishangilia fidla ambayo watu wale hawakuisikia. Hapo ngozi kwa ngozi iko wapi? Hata bila Jobson isingekuwapo. Albamu yoyote ni kanda, santuri, spika na miaka iliyopita katikati yako na mpigaji.

Bendi hiyohiyo ilifanya kinyume chake pia. Albamu yao ya Starless and Bible Black ya 1974 kwa sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani, ikiwemo Amsterdam mwezi Novemba 1973, kisha makofi yakafutwa. Anayeisikiliza hudhani yote ni ya studio. Umeona jinsi jina la mkato linavyoweza kupotosha? Sema kilichofanyika: albamu iliyorekodiwa jukwaani, fidla ikaingizwa studio. Ukitaka ufupi, albamu ya laivu.

Na hilo "ikaingizwa" sikulibuni. Nenda studio yoyote ya Ngarenaro usikie prodyuza akimwambia msanii, "Biti iko tayari, njoo uingize voko." Kuingiza sauti, kuingiza gitaa, kuingiza fidla. Neno lipo, linatumika kila siku, na halihitaji kamati ya kulitungia mwenzake mrefu.

Rafiki yako wa Moshi naye amekosea. Kuchakachua kulisambaa kwa wauza mafuta: mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, anakuuzia kwa bei ya dizeli, na gari linakufia njiani. Ndani ya neno hilo lazima awepo anayedanganywa. Kazi ya Jobson si siri, na wapenzi wa bendi hiyo wanaijadili wazi, wapo wanaoipenda na wapo wanaomtaka Cross peke yake. Hakuna aliyeuziwa mafuta ya taa hapo. Lakini yule aliyebandika MUBASHARA juu ya jua la mchana, saa tatu usiku, huyo alichakachua.