Bwawa la kuogelea lipo, lakini mizinga ya mzee itakaa wapi?

*Shikamoo shangazi! Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Natimiza miaka 60 Desemba hii, na ndipo nitastaafu. Mume wangu alinitangulia kustaafu. Rafiki yangu ananihimiza tununue nyumba katika mtaa wa wastaafu unaojengwa nje ya jiji la Nakuru. Una geti, walinzi, ukumbi na bwawa la kuogelea, na wanataka pesa ya kuhifadhi nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi ni mwanakwaya wa kanisa, naimba alto, na napenda maua kupita kiasi. Mzee ana mizinga minane ya nyuki kwao Butere na ameapa kwamba hatawaacha nyuki wake. Tumenuniana wiki nzima. Tufanyeje? – Mwalimu, Kisumu*

Marahaba Mwalimu. Kwanza, pesa ya kuhifadhi nafasi isitoke. Hiyo tarehe imewekwa na muuzaji kwa faida yake, na nyumba ambayo haijajengwa haiwezi kuwakimbia.

Mnabishania nyumba kabla ya kujua mtaishi vipi ndani yake. Kila mmoja wenu achukue karatasi yake, mbali na mwenzake, aandike wiki moja ya kawaida kuanzia Jumatatu hadi Jumapili: anafanya nini, na nani, anafikaje huko, anarudi saa ngapi. Aandike anayoyafanya sasa, asiandike anayotamani kuyaanza siku moja. Wauzaji wa nyumba za wastaafu huuza hayo ya siku moja: kuogelea, gofu, mazoezi ya viungo alfajiri. Aliyefika miaka 60 bila kuingia majini si rahisi aanze sasa, ila ada ya kusafisha bwawa ataitoa kila mwezi.

Barua yako imetaja mambo matatu, na nyuki ndio wenye masharti magumu zaidi. Nyuki wetu ni wakali, na maafisa wa ugani hushauri mizinga ikae mbali na makazi, shule na njia za watu. Umbali unaotajwa mara nyingi ni mita 300. Sasa pima: ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Hakuna mtaa wenye geti utakaokubali mzinga hata mmoja, na ukikubali, jirani wa kwanza kuumwa ataumaliza mjadala. Kwa hiyo nyuki watabaki Butere popote mtakapohamia, na swali ni mzee atawafikia mara ngapi.

Mizinga haihitaji mtu kila siku, lakini inahitaji mtu kila baada ya wiki mbili tatu. Nyasi zikatwe chini yake, nguzo zipakwe grisi ili siafu wasipande, maji yawepo karibu wakati wa kiangazi, na dalili za nyegere ziangaliwe. Kundi lililodhoofika likikosa mwangalizi, nondo wa nta hutaga humo na viwavi vyao hutafuna masega yote. Kundi lenye njaa au linalosumbuliwa huhama lote. Kutoka Kisumu, mzee huenda Butere asubuhi na kurudi jioni. Kutoka Nakuru hadi Kisumu pekee ni karibu kilomita 180, na bado hajaianza njia ya Butere. Hiyo ni safari ya kulala. Ataifanya kwa bidii miezi michache ya mwanzo, kisha atamwachia kijana wa jirani, na mwakani atakuta mizinga mitupu. Kwa hili mzee ana hoja nzito, hata kama ameitoa kwa kununa.

Kwaya yako nayo haipakiwi kwenye lori. Ukumbi mzuri bila mwalimu wa kwaya ni chumba chenye viti tu. Muulize muuzaji ni nyumba ngapi zimekwisha kukaliwa na watu wenyewe, kwa kuwa nyingine hununuliwa na watoto walio ughaibuni kwa ajili ya wazazi ambao hawajaamua kuhama. Ili mwimbe sauti nne bila kuona haya, mnahitaji angalau watu watatu kila sauti, yaani 12, na besi ndio adimu siku zote. Wasipopatikana mtaani, utaimba katika kanisa la nje. Hapo kinachoamua ni safari ya kurudi saa mbili usiku. Kama huwezi kutembea kwa dakika 15 au kupanda boda moja hadi mlangoni, mazoezi ya katikati ya wiki utayaacha mvua zikianza, na anayekosa mazoezi haimbi Jumapili.

Kwa maua, Nakuru inashinda, nisikufiche. Jiji lile liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi huyapa mawaridi shina nene na ua kubwa. Kisumu iko takriban mita 1,130. Joto lake huyafanya mawaridi yachanue haraka, madogo, na kupukutika mapema. Hapo bogonvilia na haibiskasi ndizo hufanya fahari. Lakini uliza mambo mawili. La kwanza ni maji. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, hutoa maji yenye floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na wanaokunywa maji yanayopita hapo sana kwa miaka huharibika meno, hata mifupa. Omba karatasi ya maabara ya kisima cha mtaa huo, na usiridhike na kuambiwa kwamba maji ni safi. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. La pili: je, utaruhusiwa kuchimba? Mitaa mingi ya aina hiyo huajiri kampuni ya kutunza bustani, na ua wa mbele wa kila nyumba lazima ufanane. Utabaki na vyungu kwenye baraza.

Popote utakapopanda, jenga matuta ya kuinuka kwa ajili ya magoti: kimo cha sentimita 60 hadi 75, upana usiozidi mita 1.2 kama unalifikia tuta pande zote mbili, au sentimita 60 kama limeegemea ukuta. Mapana zaidi ya hapo utaishia kupanda juu yake na kukanyaga ulichopanda.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika. Wajukuu wakifunga shule Aprili, Agosti na Desemba, watalala wapi? Mitaa ya wastaafu huwa na kanuni kuhusu wageni, na nyingine huhesabu siku. Omba kanuni zote kwa maandishi ukazisome nyumbani, pamoja na kifungu kinachosema nani anaweza kurithi nyumba au kuipangisha.

Pesa. Mwalimu aliye katika mpango wa zamani wa pensheni hupata kiinua mgongo kwa kugeuza robo ya pensheni yake kuwa mkupuo, na inayobaki hulipwa kila mwezi. Ada ya huduma ya mtaa itoke kwenye hicho cha mwezi. Ukiona utaichota kwenye mkupuo, nyumba hiyo huiwezi, na hakuna haya kusema hivyo. Mkijaliwa kufika hatua ya kununua, fanyeni ukaguzi rasmi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi, wakili wenu asiwe wa muuzaji, na amana (kwa kawaida asilimia 10) ipitie kwa mawakili. Wekeni kando ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani. Shamba la kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi.

Kuhamia bomani Butere moja kwa moja sikushauri, mpaka wewe mwenyewe utake. Mzee atakuwa na nyuki, nawe utakuwa na siku ndefu.

Ningekuwa na la kuamua, ningetazama Maseno au Luanda, miji midogo iliyo kati ya Kisumu na Butere. Maseno iko karibu mita 1,500, usiku wake una ubaridi kuliko Kisumu, na mawaridi hukubali, ila mvua ni nyingi, kwa hiyo yapande kwa kuachanisha ili upepo upite kati yake, la sivyo ugonjwa wa madoa meusi utamaliza majani. Butere si mbali kutoka hapo. Kisumu ni kama kilomita 25, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko huko. Mazoezi ya kwaya ya Jumamosi mchana utayawahi. Ya jioni itabidi uyaombee ruhusa.

Msinunue huko pia. Pangeni nyumba ya chini, isiyo na ngazi, kuanzia Februari hadi Mei. Mtaonja kiangazi, mvua za masika na likizo ya Aprili pamoja na wajukuu. Mzee aandike kila safari ya Butere na nauli yake, nawe uandike kila zoezi ulilokosa na sababu yake. Juni wekeni karatasi zote mezani. Mtaa wa Nakuru ukiwa bado unawavuta, nendeni mkaukague siku ya kazi, saa nane mchana, bila kumwarifu wakala, na mbisheni hodi kwa wanaoishi humo.