Kipeuo cha pili katika C: kwa nini sqrt haionekani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu yako ya lugha ya C ya kutafuta ulalo wa kiwanja cha Nala, chenye mita 30 kwa 40, inakataa kujengwa ingawa umeandika #include <math.h> juu kabisa. Mstari huo hueleza tu umbo la sqrt, yaani kazi (function) inayokokotoa kipeuo cha pili. Kazi yenyewe imo katika maktaba ya hisabati, ambayo kwenye Linux ni lazima uitaje kwa -lm mwishoni mwa amri ya kompaila gcc, baada ya jina la faili lako:

gcc kiwanja.c -o kiwanja -lm

Kinachowachanganya wengi, na ninaona wanafunzi wanastahili kuelezwa mapema, ni kwamba sqrt(2500.0), yaani kipeuo cha 30 × 30 + 40 × 40, inaweza kukubali bila -lm, kwa sababu kompaila hukokotoa namba hiyo isiyobadilika yenyewe, lakini ukiweka kigeu kinachosomwa kwa scanf, kosa hujitokeza. Jibu, ambalo hapa ni 50, ni la aina ya double (namba yenye desimali), hivyo lichapishe kwa %f, kamwe si kwa %d. Tafadhali kagua pia kwamba thamani si hasi kabla ya kuita sqrt, la sivyo utapata NaN, yaani “si namba”.